Pampu ya Mama Mkwe

Wiki iliyopita tulimwacha mkaguzi wa vipimo ameinama mbele ya pampu namba mbili, jicho moja kalifumba, jingine kalikaza kwenye shingo ya kopo lake la kupimia. Wiki nzima yuko vile vile. Kuna msomaji ametuma ujumbe kuuliza kama mgongo haujamuuma dada wa watu. Umemuuma. Tumwinue.

Mkaguzi akainuka, akajishika kiuno.

"Iko sawa," akasema.

"Nini iko sawa?" Breki akauliza.

"Pampu. Haipunji hata kijiko."

Kituo kizima cha mafuta kikashusha pumzi. Watu walikuwa wamejazana pale tangu asubuhi wakitegemea kuona mwizi, na sasa walisimama kama wageni walioambiwa chakula kimekwisha.

Kwa wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Breki ni dereva wa kigari cha kusambaza mikate. Jina hilo alipewa kwa sababu husimama kwa kila kuku anayevuka barabara, na kuku akishavuka, husubiri kuona kama ana mwenzake. Siku hizi kigari kimekuwa kikizimika njiani, tenki kavu, mikate inafika madukani imepoa na wenye maduka wamenuna. Mwenye kiwanda, mjane mmoja wanayemwita Mama Mikate, amekwisha kata shauri: dereva ananyonya mafuta anayauza. Amempa mpaka leo adhuhuri. Aonyeshe petroli inakwenda wapi, au aache ufunguo aondoke na jina la mwizi mgongoni.

Breki akaishuku pampu. Angeshuku nini kingine? Tatizo lake lilikuwa moja tu. Mhudumu wa pampu namba mbili ni mama mkwe wake.

Hebu jiweke hapo wewe. Huwezi kwenda kujaza namba moja, mama mkwe kasimama namba mbili anakutazama. Wala huna mdomo wa kumwambia, "Mama, mbona kama hayatoshi?" Kwa hiyo Breki alifanya lile lililobaki. Alinyata hadi ofisi ya vipimo, akaripoti, akaomba asitajwe. Wakamwahidi.

Ndiyo maana sasa hivi alikuwa anasoma kibao cha "Usivute Sigara" kwa makini makubwa.

Mama mkwe akaurudisha mpira wa pampu mahali pake. Alikuwa mwanamke mfupi, sare imepigwa pasi, kofia ya kituo imekaa kichwani bila kupinda. Akafuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nani kaniripoti?" akauliza.

Breki alifika kwenye neno "Sigara" akaanza upya.

"Sijakasirika," mama mkwe akasema. "Nataka kumjua tu."

Simu ya Breki ikaita. Mkewe. Akaikata. Mkewe alikuwa na mafua tangu juzi, pua zote mbili zimeziba, na akiwa na mafua hana habari fupi. Bila shaka alitaka kuuliza kama mume anarudi kula. Kila adhuhuri Breki akifika juu ya kilima, pale nyumba yao inapoonekana, hupiga honi mara moja. Mkewe akiisikia huwasha jiko, na Breki akiingia ndani chakula kinaanza kupata moto. Wana miaka kadhaa wanaishi hivyo na hawajawahi kugombana kwa sababu ya chakula.

"Haya, Breki." Huyo sasa ni Mama Mikate, kaegemea mlango wa kigari, mikono kaikunja kifuani. "Pampu nzima. Sasa niambie mafuta yangu yanaliwa na nani?"

Breki akaona jua linavyopanda. Akaona na ile mikono ilivyokunjwa. Mtu akibanwa, akili humkimbia, na ya Breki haikungoja hata kuaga. Akaenda nyuma ya kigari, akarudi na dumu la njano.

"Pampu si nzima!" akapaza sauti. "Hili dumu ni la lita ishirini. Juzi nimelijaza hapa hapa, namba mbili, mama alipokwenda kula. Pampu imesoma ishirini, dumu halijajaa. Ikasoma ishirini na moja, halijajaa. Ishirini na mbili imepita, ndipo likajaa. Hizo lita mbili zimetoka wapi?"

Umati ukafufuka. "Ee! Mwambie huyo!" "Mimi nilisema!" "Wezi wakubwa hawa!" Bwana mmoja mwenye dumu kama lile akaliinua juu ya kichwa watu walione.

Mkaguzi akalitazama dumu la Breki kwa uchovu wa mtu anayekutana na shemeji asiyempenda.

"Nani kakwambia hili ni la lita ishirini?"

"Watu wote."

"Watu wote wamelipima?"

Mkaguzi akachukua kopo lake la serikali, lenye lakiri, akalijaza pampuni mpaka kwenye alama ya ishirini, akalimimina lote ndani ya dumu. Petroli ikapanda, ikapanda, ikafika mabegani, ikatulia. Juu yake pakabaki nafasi ya kutosha tu.

"Ishirini inaishia hapo," mkaguzi akasema. "Hili ni dumu la mafuta ya kupikia. Limeachiwa nafasi juu. Ninyi mnalijaza mpaka mdomoni halafu mnaniita. Kila wiki naitwa. Kila wiki nakuta dumu la njano na watu wenye hasira."

Yule bwana akalishusha dumu lake polepole, akalificha nyuma ya mguu.

Ndipo mama mkwe akasema, taratibu, bila ukali wowote:

"Kumbe ni wewe, baba."

Afadhali angemtukana. Breki alihisi uso unawaka mpaka masikioni. Mwanamke huyu ndiye aliyempa mke. Siku ya harusi alimfunga tai kwa mkono wake kwa sababu Breki alikuwa anatetemeka. Na yeye kamletea serikali kazini.

"Mama, mimi..."

"Hapana, usiseme. Umeona ni vyema."

"Ufunguo," Mama Mikate akasema, kanyoosha mkono.

Breki akautoa ufunguo mfukoni. Ulikuwa na kamba nyekundu aliyoisuka mkewe. Alikipenda kigari kile, jamani, tusimfiche. Aliipenda hata harufu yake ya mkate wa moto alfajiri, na jinsi gia ya pili ilivyokataa kuingia mpaka uiombe. Akamwekea Mama Mikate ufunguo kiganjani.

Mkaguzi alikuwa anafungasha vyombo vyake. Akasimama.

"Kaka, hebu nikuulize. Huyu mama akikujazia, wewe unakuwa umesimama wapi?"

"Sisimami. Nakaa kwenye usukani."

"Unaangalia wapi?"

"Mbele."

"Hushuki kuangalia pampu inavyosoma?"

"Nitashukaje? Ni mama mkwe wangu. Nitasimama nyuma yake namchunga kama mlinzi?"

Umati ukanung'unika kwa kukubali. Mzee mmoja akasema hapo kijana ana haki.

"Na kioo cha pembeni?"

"Nimekigeuza."

Mkaguzi akakitazama kioo. Kilikuwa kimegeuzwa kweli, kinaangalia mawinguni. Akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akawa anainyoosha kofia ambayo haikupinda.

"Mimi nimetumwa kupima pampu," mkaguzi akasema. "Kipimo cha mama mkwe sinacho." Akapakia kopo lake garini, akaondoka. Mgongo pole, dada.

Kisha mama mkwe akamwashiria Breki kwa kidevu.

"Njoo huku."

Wakaenda nyuma ya mashine ya kujazia upepo matairi. Breki alisimama upande, macho chini, kama inavyompasa mkwe. Simu ikaita tena. Mkewe. Akaikata tena.

"Pampu yangu haiibi," mama mkwe akaanza.

"Nimeona, mama. Nisamehe."

"Nyamaza kwanza. Pampu haiibi. Mimi ndiye niliyekuwa nakupunguzia."

Breki akasahau adabu, akamtazama usoni.

"Natia tenkini kidogo," mama mkwe akasema, kwa sauti ile ile ya kueleza bei ya oili. "Halafu nautoa mpira, nayamalizia kwenye dumu lililo miguuni pangu. Wenzangu walidhani umeagiza. Wewe uko mbele huko, unaangalia barabara. Kijana mwenye heshima sana. Nilikuwa najisikia vibaya, kwa kweli."

"Lakini kwa nini, mama? Nafukuzwa kazi mimi!"

"Ndiyo. Nilitaka ufukuzwe."

Msomaji, kama umesimama, tafuta kiti.

"Yule mwanamke," mama mkwe akasema.

"Mwanamke gani?"

"Wa mikate. Mjane. Ana kiwanda chake, ana nyumba yake, ana meno yake yote. Na wewe kila asubuhi unapita hapa unanukia mdalasini."

"Mama, nimebeba mikate ya mdalasini."

"Anakuitaje?"

"Breki. Kila mtu ananiita Breki."

"Anakuita kwa sauti gani?"

Breki akafikiri. "Ya juu," akasema.

"Unaona!" mama mkwe akasema. "Mimi nina binti mmoja tu. Simwachi aporwe mume kwa kuhongwa mkate. Nikasema, kigari kikizimika zimika, atafukuzwa, atatafuta kazi kwingine, atabaki salama. Hayo mafuta sikula hata tone. Mimi si mwizi. Yote nimekutunzia."

"Umeyatunza wapi?"

"Kwako. Kila jioni nikija kumsalimia mwanangu naacha kidogo. Dumu liko nyuma ya mlango wa jikoni. Nimemwambia ni mzigo wa mtu, asiuguse. Siku ukipata kazi nyingine ningekukabidhi lote, uanze nayo."

Kwa dakika nzima Breki hakujua acheke, alie, au amshukuru. Alikuwa bado anachagua wakati sauti ilipotokea upande wa pili wa mashine ya upepo.

"Mimi?"

Mama Mikate akajitokeza. Alikuwa amesikia yote, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekuta kidole cha mtu ndani ya unga.

"Mimi nimtake huyu?" akasema. "Huyu anayewapisha kuku? Mama yangu, mimi nimemzika mume mmoja. Miaka yote ya ndoa nilimfundisha kukunja taulo na akafa hajui. Nianze tena na huyu?"

Mama mkwe akampima kutoka kichwani mpaka miguuni, kisha kutoka miguuni mpaka kichwani, asije akakosea.

"Humtaki?"

"Hata angeletwa na gari lake."

"Ana kasoro gani?" mama mkwe akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa na ukali kidogo.

"Mama," Breki akasema, "tuishie hapo."

Mama Mikate akauangalia ule ufunguo mkononi mwake. Hakuwa mwanamke wa kuomba radhi, hakuzaliwa nayo hiyo. Akamrushia Breki ufunguo, Breki akaudaka kifuani.

"Kesho mikate itoke mapema," akasema. "Na hicho kioo ukigeuze. Kuanzia leo unashuka, unaangalia pampu, hata akijaza bibi yako."

Basi, yamekwisha. Breki si mwizi, ufunguo umerudi na kamba yake nyekundu. Alihisi mwili mzima umekuwa mwepesi. Alitaka kumkumbatia mtu lakini waliokuwepo ni mama mkwe na tajiri yake, akaikumbatia mashine ya upepo.

Simu ikaita mara ya tatu. Safari hii akaipokea huku anacheka.

"Mke wangu! Subiri nikupe habari!"

"Tangu asubuhi nakupigia hupokei!" Sauti ya mkewe ilipita kwenye pua zilizoziba, nzito, kama anaongea ndani ya mto. "Nilitaka uje na mafuta ya taa. Jiko halina hata tone."

"Nakuja nayo, usijali!"

"Aa, acha, nimepata. Lile dumu la mama la nyuma ya mlango. Nimelifungua, kumbe ni mafuta. Sijasikia harufu yoyote na mafua haya, ila nimeyaona yanavyong'aa, masafi kweli. Nimeshatia jiko mpaka juu. Nangoja honi yako tu niwashe. Sema kiberiti ndiyo sikioni."

Kicheko cha Breki kikakatika.

"Usiwashe," akasema. "Mke wangu, sikiliza. Usiwa..."

Simu ikafa. Akapiga. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Simu ya mkewe betri yake huisha pale tu mtu anapoanza kusema jambo la maana. Jirani anayo simu pia, lakini hana desturi ya kuipokea. Walimpigia hata hivyo. Iliita mpaka ikachoka.

"Nini?" mama mkwe akauliza.

"Kaijaza petroli kwenye jiko."

Mama mkwe hakupiga kelele. Alivua kofia ya kituo, akaiweka juu ya pampu namba mbili, akakimbia. Wala hakuwa mwanamke wa kukimbia. Alifika kwenye kigari kabla ya Breki.

Wakatoka pale matairi yanalia, dumu la njano na petroli yake wameliacha chini. Ilikuwa mara ya kwanza mkwe na mama mkwe kukaa kiti kimoja, bega kwa bega, na hakuna aliyekumbuka kuona haya. Gia ya pili ikakataa kuingia. Breki hakuiomba. Aliitukana mbele ya mama mkwe, ikaingia.

Kuku akavuka barabara. Breki hakupunguza mwendo. Nyuma wakasikia kelele nyingi na manyoya machache. Tunaarifiwa kwamba kuku mwenyewe ni mzima, ila hajawa yule wa zamani.

"Mwanangu," mama mkwe alikuwa anasema peke yake, mikono kaishika kwenye magoti. "Mwanangu mmoja. Mwanangu mmoja tu."

Breki akajipapasa mfuko wa shati, na mkono wake ukagusa kitu kidogo, cha pembe nne. Akakitoa. Kiberiti. Asubuhi alikichukua jikoni kuyeyushia ncha ya kamba ya turubai, akakitia mfukoni, akakisahau.

"Mama! Kiberiti ninacho mimi! Hana cha kuwashia!"

Mama mkwe akakitazama kile kiberiti kama mtu aliyeonyeshwa mtoto mchanga. Machozi yakamtoka waziwazi. "Alhamdu..." akaanza, kisha mdomo wake ukabaki wazi.

"Jirani yake anavuta sigara," akasema.

Breki akakanyaga mafuta mpaka mwisho. Kilima kikaanza. Juu ya kilima ndipo nyumba inapoonekana, na kutoka pale ni mteremko mtupu, unashuka mpaka mlangoni. Kigari kikapanda, kikanguruma, kikapanda.

Kikakohoa.

"Hapana," Breki akasema.

Kikakohoa tena, kikatikisika, kikajikokota mpaka karibu kabisa na kilele, pua ikachungulia upande wa pili. Hapo kikazimika. Breki akawasha. Kikalia bila kushika. Akawasha tena. Mshale wa mafuta ulikuwa umelala chini kabisa, hauna wasiwasi.

Akageuka taratibu.

"Mama. Leo asubuhi uliniwekea kiasi gani?"

Mama mkwe alikuwa anaangalia mbele, kupitia kioo, moja kwa moja, kama Breki alivyoangalia mbele asubuhi zote zile.

"Kidogo," akasema.

Kule chini, bati la nyumba yao lilikuwa linang'aa juani. Na kutoka ua wa jirani mtu alikuwa anatoka, kajifunga kanga, pua kaifunika kwa leso. Mkewe. Alikuwa anatembea bila haraka kuelekea mlango wa jikoni. Mkono mmoja ameuinua karibu na sikio, na kitu kidogo kilichokuwa mkononi alikuwa anakitikisa, kusikia kama kina njiti.

Breki akafungua mlango, akaruka chini, akaanza kukimbia na kuita kwa nguvu zake zote. Upepo ulikuwa unampiga usoni. Sauti yake haikufika hata nusu ya mteremko.

Mama mkwe, peke yake ndani ya kigari, akaona mkwewe anakimbia, akaona mwanae hageuki. Akatazama huku na huku kutafuta chochote chenye sauti kubwa kuliko mtu. Akakiona katikati ya usukani.

"Mama, usi—!" Breki akageuka akipiga kelele, lakini mama mkwe alikuwa amekwisha weka viganja vyote viwili juu ya honi, na akaikandamiza kwa moyo wake wote.

Kule chini mkewe akasikia. Akageuka, akakiona kigari kilimani, akatabasamu. Akainua juu mkono wenye kiberiti, akapunga, kisha akaingia jikoni kuwasha jiko.